Kompyuta Iliyobebeshwa

Mlioko Mpepai, Mbinga mjini, Litembo, mlioko chini kule Mbamba Bay na Liuli mkisubiri mitumbwi itoke na dagaa, nanyi mnaochambua maharage huku redio iko pembeni, karibuni.

Naanza na herufi tatu: C, P na U. Ukizitamka huku kwetu mwezi wa saba, hakuna atakayewaza kompyuta. CPU ni mtambo wa kumenya kahawa. Ni pale unapofikisha matunda mekundu siku ile ile uliyoyachuma, yakatiwa majini, yanayoelea yakatengwa, yaliyozama yakamenywa, yakavundikwa, yakaoshwa, kisha yakapandishwa kwenye vichanja kuanikwa. Wenye umri wangu tunakumbuka hali ilivyokuwa kabla ya hapo. Kila nyumba na kimashine chake cha mkono, kila kimashine na meno yake. Huyu kakaza mno, punje zinachubuka. Yule kalegeza, matunda yanapita mazima. Ilipokuja CPU, shamba lilibaki lile lile, mibuni ile ile, jasho lile lile la mama na watoto. Kilichohama ni kazi moja tu, kazi ya kumenya, ikaenda kwenye mtambo wenye nguvu kuliko wa nyumbani.

Kompyuta nayo ina CPU yake, na vijana wengi huiita prosesa. Kazi zake na za ule mtambo wetu zinafanana: kinaingia kibichi, kinatoka kilichosindikwa. Leo nataka tuzungumze habari ya watu ambao, miaka zaidi ya arobaini iliyopita, walichukua kompyuta ndogo ya nyumbani yenye prosesa yake, wakaipachika prosesa ya pili juu ya kadi. Zaidi nitazungumzia programu walizoziandikia mashine hizo, maana hapo ndipo moyo wangu ulipo.

Kwanza niwaambie kilichonifikisha huku. Msimu uliopita nilialikwa katika shule moja ya sekondari ya wilaya yetu kuzungumza na vijana. Baada ya mazungumzo mwalimu akanipitisha stoo kuchukua mwavuli wangu. Mle ndani niliona meza mbili ndefu zimefunikwa vitenge. Nikauliza, "Mwalimu, chini ya vitenge kuna nini?" Akajibu kwa huzuni, "Kompyuta, mzee. Tulipewa msaada. Zimekufa." Zilikuwa tisa. Nilikuwa na kijana mmoja fundi, mtoto wa jirani yangu. Akaomba ruhusa, akafunua moja, akaifuta vumbi, akaichomeka. Feni ikazunguka. Taa ikawaka. Kwenye kioo yakatokea maandishi meupe machache kwamba hakuna mfumo wa kuanzia. Kijana akanigeukia akasema, "Mzee, hii haijafa. Haina programu tu."

Neno lile lilikaa nami wiki nzima. Mashine ina prosesa, ina kumbukumbu, ina umeme, na bado inafunikwa kitenge kama maiti. Nikaanza kusoma historia ya mashine hizi kwa bidii ambayo sikuwa nayo hata shuleni, na nilichokikuta ndicho ninachowaletea.

Mwaka 1977, huko Marekani, ilitoka kompyuta ya nyumbani iliyoitwa Apple II, kazi ya mikono ya Steve Wozniak. Prosesa yake iliitwa 6502. Ilikuwa ya bei nafuu, na mwendo wake wa mapigo milioni moja kwa sekunde ni mdogo sana mbele ya simu yoyote mnayoijua. Lakini Wozniak alifanya jambo moja la hekima kubwa. Kifuniko cha juu kilinyanyuka kwa mikono mitupu, na ndani yake mlikuwa na nafasi nane za kuchomeka kadi. Mwenye kompyuta aliachiwa mlango wa kuongeza alichokosa.

Sasa, wakati huo ofisi nyingi ndogo zilitumia kompyuta za jamii nyingine, zenye prosesa ya Z80 au ya ukoo wake, zikiendeshwa na mfumo ulioitwa CP/M, uliobuniwa na Gary Kildall mwaka 1974. Humo ndimo zilimokuwa programu za kazi: WordStar ya kuandika barua na ripoti, dBASE ya kutunza orodha za wateja, mizigo na mishahara. Programu hizo Apple II haikuweza kuziendesha. 6502 na Z80 ni kama Kimatengo na Kimanda kwa mtu aliyetoka mbali: anadhani ni lugha moja, lakini jaribu kumpa mmoja maagizo ya mwingine uone.

Kampuni ya Microsoft, iliyokuwa bado changa, ilikuwa imeandika lugha kadhaa za kompyuta kwa ajili ya jamii ile ya Z80. Ikabaki na swali. Tuziandike zote upya kwa ajili ya 6502? Hiyo ni kazi ya miaka. Wakaamua kinyume chake: waitengeneze kadi yenye Z80, waichomeke ndani ya Apple II, na programu zije kama zilivyo. Kadi hiyo, SoftCard, ilitolewa mwaka 1980 kwa dola 349 pamoja na mfumo wa CP/M wenyewe. Mfano wake wa kwanza ulitengenezwa na Tim Paterson, kijana yule yule ambaye mwaka huo huo aliandika mfumo uliokuja kununuliwa na kuitwa MS-DOS. Iliuzwa kuliko walivyotarajia, ikawa chanzo kikubwa cha mapato ya kampuni kwa mwaka ule.

Hebu tusimame hapo, ndugu zangu. Watu wale waliona ni rahisi zaidi kuihamisha prosesa nzima, chuma na silikoni, kuliko kuziandika upya programu. Yaani kilichokuwa na uzito, kilichogharimu, kilichobeba jasho la watu wengi, kilikuwa maandishi yale yasiyoshikika. Chuma kilikuwa chepesi kwao.

Wakulima wa kahawa mnaijua kazi hii kwa jina lake. Nendeni kituo cha utafiti wa kahawa pale Ugano, mtawakuta wataalamu wa TaCRI wakifundisha kubebesha. Unao mbuni wa zamani, mizizi imeshika ardhi vizuri, lakini unashambuliwa na chulebuni na kutu ya majani. Huung'oi. Unakata shina, unapasua kidogo, unachomeka kikonyo cha aina mpya inayostahimili magonjwa, unafunga kwa ukanda wa nailoni, unasubiri. Mizizi ni ya babu, matunda ni ya mjukuu. SoftCard ilikuwa hivyo hivyo. Kibodi, kioo, diski na umeme vilikuwa vya Apple. Akili iliyofanya kazi ilikuwa ya Z80.

Na kama mnavyojua, kikonyo hakishiki kwa kuchomekwa tu. Pana kazi ya kuunganisha ngozi kwa ngozi, na kwenye kompyuta kazi hiyo ni ya programu. Mfano mmoja nitaueleza taratibu, kwa sababu ulinifurahisha sana. Fikirieni kumbukumbu ya kompyuta kuwa ni vyumba vilivyopangwa mstari, kuanzia chumba namba sifuri. Prosesa ya 6502 inavitaka vyumba vya mwanzo kabisa. Bila hivyo haiwezi kufanya lolote. Mbele kidogo ya hapo Apple iliweka maandishi ya kwenye kioo. Na CP/M nayo, huku ikiendeshwa na Z80, inadai lazima vitu vyake vianzie chumba sifuri. Ndugu wawili wamerithi nyumba moja, na kila mmoja anataka chumba cha mlangoni.

Wabunifu wa kadi walitatua ugomvi huo kwa kubadilisha hesabu ya namba. Z80 ikisema "chumba sifuri," kadi inaipeleka kimyakimya chumba 4096. Yenyewe inaamini iko mlangoni, kumbe iko ndani zaidi, na 6502 imeachiwa vyumba vyake bila kuguswa. Wakati wa kusoma diski, Z80 haikujua lolote kuhusu chombo kile, maana Wozniak alikibuni kiendeshwe na 6502 yenyewe kwa mapigo yake. Basi Z80 inaandika ombi, inalala, inaiamsha 6502. Hii inasoma diski, inaweka kilichosomwa mahali walipokubaliana, inalala, inaiamsha Z80. Hawakushika jembe kwa wakati mmoja hata mara moja. Walipokezana.

Ninapenda pia kutaja jaribio ambalo halikushika. Kampuni ya Commodore iliuza kompyuta maarufu mno ya nyumbani, Commodore 64, kuanzia mwaka 1982, na ikaitolea katriji yenye Z80 ya kuendesha CP/M. Prosesa ilikuwa ile ile iliyowatajirisha Microsoft. Lakini diski za Commodore zilikuwa na namna yao ya kuandika, hazikuweza kusoma diski za CP/M za kompyuta nyingine, na chombo chenyewe kilikuwa cha polepole. Mtu alinunua katriji, akaichomeka, akakuta hana programu za kuiendeshea. Katriji hiyo haikupata wanunuzi wengi. Niliposoma habari hiyo nilikumbuka vitenge vya stoo.

Tuvuke bahari twende Uingereza, ambako ndiko nilikokuta somo zuri kuliko yote. Jina la BBC mnalijua. Idhaa yake ya Kiswahili tumeisikiliza tangu 1957, wazee wetu walikuwa wakinyamazisha nyumba nzima kwa ajili ya taarifa ya habari. Shirika hilo hilo liliamua kuwafundisha raia kompyuta kwa televisheni, likataka iwepo mashine ya kufundishia. Kampuni ya Acorn ya mji wa Cambridge ikapata kazi hiyo, na mwishoni mwa mwaka 1981 ikatoka kompyuta ya BBC Micro. Ilikuwa na 6502 kama Apple, lakini yenye kasi maradufu, na kumbukumbu ya kilobaiti 32. Chini ya tumbo lake waliacha tundu la kuunganishia prosesa ya pili, wakaliita Tube.

Hapa prosesa mbili hazikulala kwa zamu. Zilifanya kazi pamoja, kila moja na kumbukumbu yake. Ya kwanza, mwenyeji, ilishughulika na kibodi, kioo, diski na sauti. Ya pili ilipiga hesabu na kuendesha programu ya mtumiaji. Katikati yao palikaa kifaa kidogo chenye njia nne za kupokezana ujumbe, mithili ya masanduku manne ya barua ukutani. Wahandisi walizoea kuiita ile ya kwanza mwenyeji na ya pili kimelea. Jina hilo la pili naliona ni la dhuluma. Mgeni anayekuja na jembe lake mwenyewe haitwi kimelea.

Sasa sikilizeni jambo la programu. BBC Micro ilikuwa na mfumo wake wa ndani, na mfumo huo uliwapa waandishi wa programu milango rasmi: ukitaka kuandika herufi kwenye kioo, pita mlango huu, ukitaka kusoma kibodi, pita ule. Mwandishi mwenye adabu alipiga hodi kwenye milango hiyo. Mwandishi mwenye haraka aliona kupiga hodi kunapoteza muda. Alijua kwamba picha ya kioo inakaa kwenye vyumba fulani vya kumbukumbu, basi akaenda kuandika humo moja kwa moja, kama mtu anayeingia jikoni kwa watu na kufunua chungu.

Kabla ya prosesa ya pili hakuna aliyeiona tofauti. Programu zote mbili zilifanya kazi, na ile isiyopiga hodi ilikuwa na kasi zaidi, ikasifiwa. Ilipounganishwa prosesa ya pili kwenye Tube, programu ikahamia huko, kwenye kumbukumbu nyingine. Yule aliyezoea kupiga hodi akapiga hodi. Ombi lake likapita kwenye sanduku la barua, mwenyeji akalipokea, herufi ikatokea kwenye kioo. Hakuhitaji hata kujua kwamba amehama. Yule mwingine akaenda moja kwa moja kwenye vyumba alivyovizoea, akaandika picha yake yote kwa bidii. Kioo kikabaki cheusi. Jiko alilolijua lilikuwa kwenye nyumba nyingine.

Michezo mingi ya kompyuta iliangukia hapo, kwa kuwa michezo ndiyo iliyokuwa na haraka. Elite, mchezo mashuhuri wa mwaka 1984 wa David Braben na Ian Bell, ulilazimika kutengenezewa toleo maalumu kwa ajili ya prosesa ya pili. Programu za uandishi na za hesabu zilizotii milango rasmi zilivuka zenyewe, tena zikanenepa. Picha yenye ubora wa juu peke yake ilikula kilobaiti 20 kati ya zile 32 za mwenyeji. Mwandishi wa programu alibaki akihesabu makombo. Na prosesa ya pili, kilobaiti 64 zilikuwa zake, kioo kikabaki ng'ambo kwa mwenyeji. Lugha ya BASIC ilitolewa toleo linalokaa juu kabisa ya kumbukumbu, ili mtu aliyekuwa amebanwa apate takriban kilobaiti 44 za kuandikia. Kwa wakati ule ilikuwa kama kupewa ekari za ziada bondeni.

Waandishi wa programu vijana wanaonisikiliza, hata kama leo mnaandika za simu, jambo hili ni lenu pia. Ukimwandikia mtu programu, hujui itaishi kwenye mashine gani baada yako.

Kuna la ajabu zaidi ndani ya Tube. Acorn walitaka prosesa yao wenyewe kwa kompyuta zijazo. Sophie Wilson alibuni maagizo yake, Steve Furber akabuni muundo wake. Tarehe 26 Aprili 1985 vipande vya kwanza vilirudi kutoka kiwandani, na walivipachika wapi? Kwenye kadi, wakaunganisha na BBC Micro kupitia tundu lile lile. Ile kompyuta ya kufundishia watoto ikawa mwenyeji wa mgeni aliyeizidi akili mara nyingi. Furber amesimulia kwamba alitaka kupima umeme unaoliwa na prosesa ile, kipimo kikamwonyesha sifuri. Kumbe waya wa umeme haukuwa umeunganishwa kabisa. Prosesa ilikuwa inafanya kazi kwa umeme kidogo uliovuja kutoka kwenye nyaya za ishara za jirani zake. Ilikuwa inashiba kwa makombo.

Jina lake ni ARM. Kwa sababu ya kula kidogo namna ile, kizazi chake ndicho kimejaa kwenye simu za mkononi dunia nzima. Simu unayotumia kupokea malipo ya kahawa, hata ile ya batani inayokaa na chaji siku nne, karibu kwa hakika ina prosesa ya ukoo huo. Ilianza maisha yake ikiwa imebebeshwa kwenye kompyuta ya nyumbani.

Na mjukuu amerudi kumbeba babu. Wapenzi wa mashine hizi huko Ulaya huchukua Raspberry Pi, kompyuta ndogo ya ukubwa wa kadi ya benki iliyotoka Cambridge mwaka 2012, yenye prosesa ya ARM, wakaiunganisha kwenye tundu la Tube la BBC Micro ya miaka ya themanini. Kwa programu iitwayo PiTubeDirect, kadi hiyo inajifanya kuwa 6502, au Z80, au nyingine kadhaa, kadiri utakavyoiagiza. Kampuni ya Zilog iliacha kupokea maagizo ya Z80 mwaka 2024, baada ya miaka 48, lakini programu zilizoandikwa kwa ajili yake bado zinaendeshwa kila siku. Zimehama kutoka kwenye chuma, zikakaa kwenye programu nyingine inayomuiga marehemu kwa kila tendo lake.

Mtaniuliza, sisi tulikuwa wapi wakati hayo yakitendeka? Swali hilo nimejiuliza mara nyingi nikiwa peke yangu. Kompyuta ya kwanza ya Tanzania ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, aina ya ICT 1500. Kufikia 1974 nchi ilikuwa na kompyuta saba. Mwaka huo huo serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, pamoja na televisheni. Hesabu za serikali zilikuwa zimewekwa kwenye kompyuta, kazi ikavurugika, fedha nyingi zikapotea, na wataalamu wa kuinyoosha walikuwa wageni. Marufuku ililegezwa kidogo kidogo, ikaja kuondoka kabisa miaka ya 1990. Hesabuni wenyewe: Apple II, 1977. SoftCard, 1980. BBC Micro, 1981. Commodore 64, 1982. Zama zote za kompyuta za nyumbani zilipita mlango ukiwa umefungwa. Jirani zetu wa Kenya angalau waliona mradi wa Aga Khan ukiingiza kompyuta katika shule za sekondari miaka ya themanini, kuanzia Nairobi.

Siwalaumu wazee wa 1974 kama wengine wanavyowalaumu. Waliona mashine inakula fedha za umma bila kutoa hesabu iliyo sawa, wakachukua hatua. Ninachosikitikia ni kwamba adhabu iliipata mashine, wakati kilichopungua walikuwa watu wa kuiandikia programu na kuzielewa. Kwa hiyo miaka ile ambayo kijana wa Cambridge alikuwa akijifunza kupiga hodi kwenye milango ya BBC Micro, kijana wa huku kwetu Kigonsera mwenye kichwa kama chake hakupata hata kibodi ya kugusa.

Baadaye tuliamka. Mwezi Desemba 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na wenzake wa Sweden, kilitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zinazozungumza Kiswahili, za bure, ambazo mtu angeweza kuziweka hata kwenye kompyuta iliyozeeka. Nakumbuka nilivyoliona neno "faili" juu ya kioo likiwa limeandikwa kwa lugha yangu. Nilimwita mke wangu aje aone.

Turudi stoo. Kijana wangu fundi alirudi pale shuleni Jumamosi tatu mfululizo akiwa na flashi yenye mfumo wa Linux, mwepesi na wa bure. Kati ya zile tisa, sita zinafanya kazi leo. Kwenye mojawapo aliweka programu ya kuiga BBC Micro pamoja na prosesa yake ya pili. Ukiiwasha inajitambulisha kwa maandishi machache, inataja Tube na kilobaiti zake 64, kisha inasubiri kimya. Wanafunzi wa kidato cha pili wameandika humo programu ya kujumlisha kilo za matunda ya kahawa kwa kila nyumba. Niliwauliza kwa nini wanaipenda mashine ya kuiga kuliko kompyuta yenyewe. Msichana mmoja akanijibu kwamba humu ndani anaweza kukijua kila chumba.

Habari zikasambaa. Mzee mmoja, ambaye zamani alikuwa karani katika ofisi iliyoshughulika na mazao, akanifuata nyumbani Mpepai na boksi la viatu. Ndani mlikuwa na flopi kumi na mbili zimefungwa kwa mpira. Alizitunza tangu ofisi ilipofungwa, kwa sababu, alivyosema, hakuna aliyemwambia azitupe. Fundi akaazima kisomaji cha flopi kutoka Songea. Tano zilikuwa zimeliwa na ukungu, hazikutoa kitu. Saba zilisomeka, na ndani yake mlikuwa na mafaili ya dBASE.

Ndiyo, dBASE, ukoo ule ule uliozaliwa kwenye CP/M, ukaingia Apple II kwa mlango wa kadi, ukapita kwenye kompyuta za IBM, hadi ukafika kwenye meza ya karani wa Mbinga. Fundi aliyafungua mafaili kwa programu ya bure ya ofisi, bila taabu yoyote. Zikatokea safu: namba ya mkulima, jina, kijiji, kilo, malipo.

Mzee akasogeza kiti. Akasema, "Mwanangu, tafuta Mpepai." Kijana akaandika, orodha ikafupika, majina yakajipanga. Mzee akatoa miwani mfukoni, akaanza kuyasoma kwa sauti, moja baada ya jingine, na baada ya kila jina anataja kama mwenyewe bado yupo au ametangulia.